Duka la chapa lililomwotesha nyanya yangu meno

Kijiji chetu kiko kando ya Ghuba ya Winam, upande wa Karachuonyo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Kendu Bay, na katika ramani nyingi hakimo. Sisi wenyeji wake tunaoishi Nairobi tulikubaliana, katika mkutano wa kila mwezi wa chama chetu, kwamba tutoe kijitabu cha historia yake kabla wazee watatu waliosalia, ambao wote wamepita umri wa miaka 80, hawajatutoka. Uhariri nilipewa mimi, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili kwa miaka 31 na tangu nistaafu sina shughuli nyingine ila kusahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Tathmini hii inahusu duka la chapa lililotufanyia kazi hiyo, chumba kimoja cha ghorofa ya pili pembeni mwa River Road, chenye mashine mbili, kompyuta tatu na ngazi ambazo wazee wetu wasingeziweza. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko pamoja na sifa, lakini yeyote anayetafuta huduma ya aina hii atafaidika akijua mahali pa kuangalia kabla hajatoa pesa zake.

Tulipeleka vitu vya aina tatu: picha 43 zilizotoka katika masanduku ya familia 11, kaseti 3, na madaftari mawili ya maelezo niliyoyaandika kwa mkono nikiwasikiliza wazee, mara nyingine kwa simu na mara nyingine kwa kukaa nao nyumbani wakati wa likizo ya Agosti. Mwenye duka, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, hakuzigusa picha zile. Alinipa kwanza daftari tupu, akaniagiza niandike humo nambari ya kila picha, jina la mwenye nayo, mahali ilipopigiwa na majina ya waliomo kuanzia kushoto, kisha niandike nambari hiyohiyo nyuma ya picha kwa penseli laini, wala si kwa kalamu, kwa maana wino hupenya hadi upande wa pili. Nilidhani ananicheleweshea kazi bure. Daftari lile lilinikalisha kwenye simu siku nne nzima, na lilipojaa, watu 17 ambao tulikuwa tukiwaita "jamaa" tu walikuwa wamepata majina yao. Picha moja ya gati ya Kendu Bay, ambayo sote tuliamini ni ya mzee fulani akiwa kijana, ilitambuliwa na binti yake mwenyewe kuwa si ya babake bali ya baba yake mdogo, aliyekuwa akipakua mizigo ya meli zilizotoka Kisumu. Kwa hatua hiyo peke yake, duka lilistahili nauli yangu ya kutoka Umoja.

Kuskani kulifanywa vizuri, kwa nukta 600 kwa inchi, na kila picha ilirudishwa katika bahasha yake. Taabu ilikuja katika kusafisha. Kijana anayeketi kwenye kompyuta, ambaye ni hodari na mwenye adabu, alikuwa na programu mpya inayofuta mikwaruzo na madoa na kuzitia uhai nyuso zilizofifia. Aliponionyesha picha ya nyanya yangu, iliyopigwa Kisumu mwaka 1957 akiwa anacheka, jambo ambalo watu wa wakati huo hawakulizoea mbele ya kamera, nilinyamaza kwa muda. Mikwaruzo ilikuwa imekwisha, pazia la nyuma yake limenyooka, na nyanya yangu alikuwa na meno yote.

Nyanya yangu hakuwa na meno yote, wala hakuyapoteza kwa maradhi. Aling'olewa meno 6 ya mbele ya chini akiwa msichana, kama walivyong'olewa wasichana na wavulana wengi wa Kijaluo wa rika lake, katika desturi iitwayo nak, ambayo ilimtambulisha mtu kuwa ametoka utotoni na kuwa yeye ni wa kwetu. Desturi hiyo ilififia kadiri misheni na shule zilivyoenea, na katika kijitabu chetu imepewa kurasa mbili ambazo ushahidi wake pekee wa macho ni picha hiyo. Programu iliona pengo, ikaliziba. Kijana, kwa nia njema kabisa, alikuwa akisubiri nimshukuru.

"Mwalimu, nimemrembesha kidogo," aliniambia.

Nilipomweleza, alishika kichwa, akaomba radhi, kisha akaniuliza maswali mengi kuliko niliyowahi kuulizwa na wajukuu zangu: ni nani aliyekuwa aking'oa, kwa chombo gani, na je, mtoto aliruhusiwa kulia? Nyanya alikuwa akituambia kwamba yeye hakulia, ingawa dadake alikuwa na maelezo tofauti. Pengo lilirudishwa siku hiyohiyo. Baada ya hapo nilikataa kupokea kazi yoyote kwa jumla, nikakaa na kijana yule alasiri mbili tukilinganisha kila picha iliyosafishwa na ile ya asili, na tukagundua kwamba programu ilikuwa imefuta pia kiraka cha tanga la mtumbwi kana kwamba ni doa, na kwamba mafunjo ya ufukweni yalikuwa yamegeuzwa nyasi za kawaida zilizokatwa vizuri kama za bustani ya hoteli. Anayepeleka picha za kale katika duka lolote na aombe mafaili mawili kwa kila picha, moja ambalo halijaguswa na moja lililosafishwa. Duka hili sasa hutoa yote mawili bila kuongeza bei, na nina sababu ya kuamini kwamba nyanya yangu amechangia.

Katika kaseti sina lawama kubwa. Mbili zilikuwa nzima na moja ilikuwa imekatika utepe. Waliuunga kwa mkono kwa utaratibu niliouona kwa macho yangu, na sekunde chache tu zikapotea. Hiyo iliyokatika, iliyorekodiwa mwaka 1986, ndiyo iliyokuwa na thamani zaidi, kwa sababu ndani yake mzee mmoja anasimulia habari ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la magadi lililo karibu na Kendu Bay ambalo wageni huliendea kutazama heroe. Wenyeji wa kwetu hawalitazami kama mandhari. Wanajua kwamba pale palikuwa na kijiji, kwamba ajuza mmoja mgeni alifika usiku watu wakiwa katika karamu, akafukuzwa katika kila mlango ila mmoja, na kwamba mvua iliyofuata ilikizamisha kijiji chote isipokuwa yule mwanamke aliyempokea pamoja na watu wake aliotoka nao. Mzee anasimulia kwa Dholuo, yaani Kijaluo, cha madaha, na nyuma yake sauti ya mkewe inasikika ikimsahihisha: ajuza alipewa uji, si nyama, nani ampe nyama mtu asiye na meno? Kijana wa duka alikuwa ameipunguza sauti hiyo pamoja na mngurumo wa mashine ya kurekodia, akiamini kwamba zote ni kelele. Safari hii sikuhitaji kumweleza kwa kirefu. Aliirudisha sauti ya mama yule, akauacha hata mwiko wake unaogonga sufuria.

Hapa naomba kutoka kidogo nje ya duka, kwa sababu wateja wengi hufika na picha na sauti lakini bila tarehe, na hakuna mchapaji anayeweza kuwapa. Tarehe nilizitafuta katika jengo la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, lile lililokuwa benki zamani, ambalo wakazi wengi wa Nairobi hulijua tu kama mahali pa kukutania kabla ya kupanda matatu. Mwenye kwenda kwa mara ya kwanza huvutwa na vinyago na michoro ya mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa mtu wa pili kushika cheo cha makamu wa rais wa Kenya, lakini mwenye kutafuta kijiji chake aende kwenye chumba cha kusomea. Majalada yanayotuhusu sisi yamo chini ya Mkoa wa Nyanza na chini ya mkuu wa wilaya aliyekaa Kisii, kwa maana wakoloni walituhesabu katika wilaya waliyoiita Kavirondo Kusini. Anayetafuta habari za Kendu Bay chini ya Kisumu atapoteza siku, kama nilivyoipoteza yangu. Ripoti za mwaka huzungumzia kodi, mavuno, magonjwa, barabara na mashauri ya machifu. Katika majalada niliyoyafungua kijiji chetu hakikutajwa kwa jina hata mara moja, bali kimo ndani ya hesabu za kodi za eneo lote, na hilo lilinifundisha kwamba ripoti ingeweza kunipa mwaka, lakini mtu angetoka katika lile daftari la mwenye duka.

Kwa njia hiyo tulipata kuziweka kumbukumbu za wazee mahali pake. Reli ilifika ukingo wa ziwa mwaka 1901, na mwaka uliofuata upande wetu wa ziwa ukatolewa Uganda na kutiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, bila mzee yeyote wa kwetu kuulizwa. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baadaye wakaweka huko mtambo wa chapa, hata vitabu vya Dholuo vikawa vinatoka kando ya ziwa wakati ambapo sehemu nyingi za nchi hazikuwa na mashine kama hiyo. Chifu Paul Mboya wa Karachuonyo alichapisha mwaka 1938 kitabu cha mila za Wajaluo kwa lugha yao, kwa hiyo hatukuwa wa kwanza kijijini kwetu kuamini kwamba mambo ya nyumbani yanastahili jalada. Nilimsimulia haya kijana wa kompyuta, na alishangaa kusikia kwamba watu wa vijijini walichapa vitabu kabla ya River Road.

Mpangilio wa kijitabu ulizua mabishano. Mwenye duka alishauri tufuate utaratibu wa kawaida wa vijitabu vya aina hii, yaani kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni na baada ya Uhuru. Wazee walikataa kwa simu, wote watatu kwa kauli moja, kwa sababu wao huhesabu kwa maji. Kati ya mwisho wa 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, likameza mashamba ya ufukweni, makaburi na njia ya ng'ombe, na tangu hapo kwetu mtu huzaliwa "kabla ya maji" au "baada ya maji". Mwaka 2020 ziwa lilipofikia tena kimo kile cha 1964, walioshangaa ni vijana. Wazee walikwenda kuonyesha kwa fimbo mahali lilipokuwa limesimama mara ya kwanza. Kwa hiyo kijitabu kina sehemu mbili tu, na ramani moja ya mkono inayoonyesha ufuo wa zamani kwa mstari wa nukta. Ramani hiyo iliharibika katika chapa ya kwanza, kwa kuwa ilichorwa kwa penseli na mistari ikafifia kabisa. Duka lilipaswa kutuonya mapema, maana ni jambo ambalo mchapaji hulijua na mwalimu mstaafu halijui. Tuliichora upya kwa wino mweusi.

Sasa nije kwenye malalamiko makubwa, ambayo ni maandishi. Duka hutoa huduma ya kupiga chapa maandishi ya mkono na kuyapanga kurasani, na hutoza kwa ukurasa. Msichana aliyepewa kazi hiyo ana mikono miepesi ajabu, lakini kompyuta yake imewashwa kifaa cha kusahihisha Kiswahili, na kifaa hicho hakijawahi kufika ziwani. Ngege, samaki ambaye ndiye aliyekuwa chakula na heshima ya pwani yetu, aligeuzwa kuwa ndege kuanzia ukurasa wa 12 hadi wa mwisho. Wavuvi wetu, kwa mujibu wa nakala ya kukagulia, walivua ndege kwa nyavu. Ndege walipungua kwa sababu nyavu zenye matundu madogo ziliwanasa wakiwa wachanga. Kisha mbuta, yaani sangara, akaletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, naye akawala ndege waliosalia. Simbi likawa Ziwa Simba. "Dani", neno la kumwita nyanya kwa Dholuo, likawa "deni", hata sentensi moja ikasema kwamba deni langu lilinilea kwa upole mpaka nikaenda shule. Alama ya kibainishi mwishoni mwa "jaduong'" ilianguka kila mahali, na mzee asiye na kibainishi chake si mzee kamili.

Nilihesabu makosa 212 katika kurasa 64. Nusu yake ningeweza kuyacheka, lakini jina la mtu likikosewa mtu huyo hupotea, na majina 9 yalikuwa yamekosewa kiasi cha kumpeleka mtu katika ukoo mwingine. Duka lilirekebisha yote bila malipo ya ziada, ila marekebisho hayo yalichukua duru tatu, kwa sababu katika duru ya pili kifaa kiliwashwa tena na ngege akaruka upya. Aliye na maandishi yenye lugha zaidi ya moja ayapige chapa mwenyewe, au ampe mjukuu, ayapeleke dukani kwa flashi, na aombe kwa maandishi kwamba kifaa cha kusahihisha kizimwe.

Kuhusu bei, tulilipa shilingi 310 kwa kila nakala, nakala 200, kurasa 64 za karatasi ya gramu 80, jalada la rangi, na pini mbili katikati. Yaani shilingi 62,000. Kuskani kulikuwa shilingi 50 kwa picha na kaseti shilingi 500 kila moja, hivyo picha na sauti zikatugharimu shilingi 3,650. Upigaji chapa ulikuwa shilingi 40 kwa ukurasa, na sehemu hiyo ndiyo pekee ninayoiona kuwa pesa iliyopotea. Maduka mawili jirani yalitutajia bei ya chini kidogo kwa nakala, lakini moja lilitaka malipo yote mbele na jingine halikutaka hata kuziona picha kabla ya kutaja bei. Hapa tulitanguliza nusu kwa M-Pesa na kupewa risiti. Jambo la kujua ni kwamba kitabu cha pini huenda kwa kurasa nnenne, kwa hiyo ukiwa na kurasa 61 utalipia 64, na ni afadhali ujue mapema ili uongeze picha kuliko kuacha kurasa tupu mwishoni.

Muda ulikuwa na dosari. Tuliahidiwa siku 10, ikawa siku 23, na ingawa sehemu ya ucheleweshaji ilitokana na ukaidi wangu na sehemu nyingine na umeme kukatika, mwenye duka hakupiga simu hata mara moja kutuarifu. Mimi ndiye niliyepanda zile ngazi kila baada ya siku tatu. Nakala 150 zilikuwa tayari asubuhi ileile ya mkutano wetu, zikanukia wino, na 50 zilifuata Jumatatu. Nakala 6 zilikuwa na kurasa zilizopinduliwa, na zilibadilishwa papo hapo bila ubishi.

Mkutano wenyewe tuliufanya Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, ambao ukumbi wake umesikia siasa na harambee za watu wa ziwani kwa vizazi kadhaa. Tuliamua kutouza kijitabu mlangoni bali kukigawa kwa kila nyumba iliyochanga, na kupeleka nakala 40 kijijini kwa basi la usiku. Watoto waliozaliwa Kayole na Embakasi, ambao Dholuo chao ni cha salamu tu, walikwenda moja kwa moja kwenye picha. Hili ndilo lililonifanya nishukuru kwamba maelezo ya picha yaliandikwa kwa Kiswahili na Dholuo yakiwa sambamba, wazo ambalo, lazima nikiri, lilitoka kwa mwenye duka. Mama mmoja wa makamo alimtafuta nyanyake katika ukurasa wa 27, akamkuta, akakaa na kidole juu ya jina mpaka chai ikapoa. Familia moja ilikuwa imekataa picha yao isichapwe, na duka liliiondoa bila kutoza chochote wala kuuliza sababu.

Kama ningekuwa naisahihisha kazi ya duka hili kama insha, ningewapa 71 kwa 100: alama za juu kwa picha, sauti na karatasi, alama za kati kwa muda, na kalamu nyekundu kwa maandishi. Ningelirudia, na kwa kweli nimelirudia. Wiki iliyopita nilipeleka picha 8 nyingine zilizotoka kijijini baada ya watu kukiona kijitabu, pamoja na orodha ya masahihisho ya mzee mmoja anayesisitiza kwamba mtumbwi wa ukurasa wa 19 ulikuwa wake na si wa shemeji yake. Kijana wa kompyuta alizipokea, akaipindua ya kwanza kutazama nambari ya penseli, kisha akaniuliza, kabla hajawasha mashine, kama kuna mtu yeyote humo ambaye hana meno kwa makusudi.